Gereji ya Land Rover pale Iyunga: nilivyoitoa 109 kwenye mabaki ya bima

Bei kwanza, maana najua ndiyo mtakayouliza hata nikiandika kurasa kumi. Land Rover 109 ya mwaka 1978, milango mitano, nimeinunua ikiwa mabaki kutoka kampuni ya bima: sh. 2,650,000. Kuivuta kwa brekidauni kutoka Igawilo hadi Iyunga: sh. 180,000. Ufundi wa chesisi na bodi: sh. 1,900,000. Spea, karibu zote za mtumba: sh. 1,150,000. Rangi: sh. 850,000. Breki, usukani na umeme: sh. 620,000. Jumla sh. 7,350,000. Matairi sijayahesabu, yalikuwa vipara hata kabla ya ajali, ningeyanunua tu. Mthamini aliyeikagua ilipotoka gereji ameiandikia sh. 14,500,000.

Gereji yenyewe iko Iyunga, hapa Mbeya, upande wa reli ya TAZARA. Haina bango, haina jina, na mwenyewe hataki namba yake ya simu iandikwe popote. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alisema, "Andika, ila usiniletee watu wa Vitz." Kila mtu pale anamwita Mzee, nami nitamwita hivyo hivyo. Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyombania mtaiona huko mbele, na kuna wakati nilikaribia kumbania ya pili.

Mimi nanunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe, kuanzia Kiwira mpaka Masoko. Tukuyu mvua haiombwi. Ikishika, njia za kwenda mashambani zinabaki za trekta, pikipiki na Land Rover, basi. Nilitaka Hilux, nikaulizia bei, nikarudi nyumbani kimya. Ndipo dalali mmoja wa Uyole akaniambia kuna 109 imelala kwenye yadi Igawilo, ya mstaafu mmoja, imegongwa na Fuso lililokatika breki, na bima wameshaifuta. Wanapokea bei za mabaki kwenye bahasha.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu watu wengi wakisikia gari "limefutwa na bima" wanaona jeneza. Niliiona ile karatasi ya makadirio. Mwenye gari alikuwa ameikatia bima kubwa kwa thamani ya sh. 8,000,000. Aliishusha makusudi, maana ada ya bima inakatwa kwa asilimia ya thamani unayoitaja. Ukitaja ndogo unalipa kidogo kila mwaka na unajiona mjanja. Baada ya ajali, gereji iliyoteuliwa ikaandika makadirio ya sh. 6,700,000. Mlango mpya, madgadi mpya, boneti mpya, stering boksi mpya, kubadilisha chesisi, na VAT asilimia 18 juu ya vyote. Kampuni ikaweka 6.7 kando ya 8, ikaona kutengeneza hakulipi, ikamlipa mstaafu fedha zake kasoro ekses (kile kiasi cha hasara ambacho mwenye gari anabeba mwenyewe) na kuyachukua mabaki. Hakuna aliyekosea hesabu. Lakini hesabu hiyo ilikuwa ya bei mbili za kwenye karatasi, na zote mbili hazikuhusiana sana na vyuma vilivyolala Igawilo: thamani ilishushwa na mwenye mali, gharama ikapandishwa kwa spea mpya ambazo kwa gari la aina hii hakuna mtu Mbeya anayezinunua.

Hivyo ndivyo magari ya zamani yanavyokwisha. Gari la juzi likivunjwa taa na madgadi linatengenezwa bila mjadala kwa sababu thamani yake ni kubwa. La mwaka 1978 likipata pigo lile lile, thamani ya kwenye mkataba imeshaliwa na miaka, linafutwa.

Uingereza wao walau wanakuambia limefutwa kwa sababu gani. Tangu Oktoba 2017 wana herufi nne. A, gari lote linapondwa, hata nati haiokolewi. B, spea zinaweza kutolewa zikatumika kwenye magari mengine, lakini bodi inapondwa. S, limeumia kwenye mifupa, linaweza kutengenezwa. N, mifupa ni mizima, lililoumia ni mengine. Wanaoagiza magari kutoka huko waulizie herufi kabla ya kutuma hela, kwa sababu S na N yanarudi barabarani kihalali na picha za mtandaoni haziwezi kukuonyesha tofauti. Kadi ya gari langu mimi haina alama yoyote ya kwamba liliwahi kufutwa. Nilichonacho ni barua ya mauzo kutoka kampuni ya bima, kadi halisi, na ripoti ya ajali ya trafiki. Hivyo vitatu usitoke yadi bila kuvishika mkononi, la sivyo TRA watakusumbua kwenye kubadilisha umiliki mpaka uchukie magari. Na ukague deni la faini za trafiki kwa namba ya gari kabla ya kuweka bahasha. Hili langu lilikuwa na deni, dogo, nikalikata kwenye bei.

Sasa Mzee.

Brekidauni ilipoishusha, vijana wake wawili walishaanza kuizunguka na nyundo. Akawafukuza. Ubavu wa mbele kushoto ulikuwa umekunjwa vibaya: madgadi imeingia ndani, mlango umepinda, tairi limesukumwa nyuma mpaka linakaribia kugusa bodi. Ni tairi hilo lililomfanya mkadiriaji aandike chesisi imepinda, na mtu yeyote angeandika hivyo. Mzee hakugusa kitu. Alichukua futi kamba, akapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Sentimita 277, ambazo ndizo inchi 109 zenyewe, jina la gari. Akaenda kushoto: 272 na kitu. Akaniangalia.

"Mwanangu, sentimita tano hizi zimeenda wapi?"

Nikasema chesisi. Akasema huenda, lakini tuiulize yenyewe. Akaiweka gari juu ya stendi nne kwenye ile sehemu yake yenye sakafu ya saruji (ni sehemu moja tu, kwingine kote ni udongo), akatoa timazi, hii hii ya waashi. Kwenye kila mahali springi inaposhikiliwa na chesisi akashusha kamba mpaka chini, akaweka alama ya chaki. Zikawa alama nane sakafuni. Kisha wakaisukuma gari pembeni, tukabaki na nukta za chaki peke yake, na yeye na kijana wakapima mishazari: kutoka alama ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, halafu ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia. Kama chesisi imepinda na kuwa mshazari, vipimo viwili hivyo haviwezi kulingana. Vililingana kwa tofauti ya milimita nne, ambayo Mzee alisema hata kiwandani unaweza kuikuta. Isipokuwa alama moja. Ile ya mbele kabisa kushoto, ncha ya chesisi inayoshika mwanzo wa springi, ilikuwa imeingia ndani kiasi cha upana wa kidole.

Basi sentimita nyingine zilikuwa wapi? Zilikuwa kwenye sentabolti. Land Rover za namna hii springi zake ni vyuma bapa vilivyopangwa, na katikati kuna bolti moja inayovifunga pamoja na kuingia kwenye tundu la ekseli ili ekseli isitembee. Fuso lilipopiga tairi, sentabolti ikakatika na ekseli ikateleza nyuma juu ya springi. Bolti hiyo Mwanjelwa unaipata kwa bei ya soda chache. Jani kubwa la springi nalo lilikuwa limepasuka. Kwa hiyo "kubadilisha chesisi" kwenye ile karatasi kukageuka kuwa sentabolti, jani moja la springi, yubolti mpya, na kukata ile ncha iliyopinda na kuchomelea kipande kipya cha bati nene.

Na bahati nyingine ambayo sikuijua mpaka Mzee aliponionyesha kwa tochi: namba ya chesisi ya Series III, ambalo ndilo toleo la gari langu, imegongwa kwenye kishikio cha springi cha mbele kulia. Ingekuwa Fuso limepiga upande wa pili, kile kipande ambacho kingekatwa ndicho chenye utambulisho wa gari, na hapo unakuwa na gari zima lisilo na jina. Mnaonunua mabaki, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kukagua, kabla hata ya kufungua boneti. Namba iwepo, isomeke, ifanane na kadi, na kusiwe na alama za kuchomelea jirani yake.

Bodi ilikuwa hadithi nyingine. Land Rover nyingi za zamani bodi yake ni alumini, si bati la chuma. Ndiyo maana unaziona kule Makete na Ileje zimezeeka lakini mabavu hayana kutu, wakati chini yake chesisi inamomonyoka. Sifa hiyo ina upande wake wa pili, kwa maana alumini iliyokunjwa ukiipiga nyundo inakuwa ngumu, ukiendelea kuipiga inapasuka. Fundi aliyezoea Corolla atakupasulia madgadi, kisha ataifunika na puti kilo tatu. Mzee alifanya hivi. Alichukua kipande cha sabuni ya mche, sabuni ya kufulia kabisa, akachora mistari juu ya mikunjo. Halafu akawasha moto wa gesi akaupitisha taratibu, mkono hautulii. Sabuni ikawa njano, ikawa kahawia, ikakaribia weusi. Hapo hapo akaondoa moto. Alumini haikupi onyo, haiwi nyekundu kama chuma, na ukisubiri iwe nyekundu utaiona imedondoka chini. Sabuni ndiyo inayokuambia joto limefika. Ikipoa, alumini imekuwa laini. Kijana akaweka gogo la mti upande wa ndani, Mzee akagonga kwa nyundo ya mbao kutoka pembeni kuja katikati, na mikunjo ikawa inafunguka yenyewe. Ikianza kuwa ngumu tena, sabuni, moto, nyundo. Mama anayeuza chai na mandazi pale nje aliacha biashara akaja kuangalia, nikajua si mimi peke yangu niliyeshangaa.

Madgadi ile ile iliyoandikwa "mpya" kwenye makadirio ndiyo iliyopo kwenye gari leo. Mlango haukuokoka, fremu yake ni ya chuma na ilikuwa imeoza pamoja na kupinda. Ukatafutwa wa mtumba kutoka kwenye 109 iliyokufa Chunya. Ule ukuta kati ya injini na miguu ya abiria, wao wanauita fayawoli, nao ni wa chuma, na chini ya miguu kulikuwa na matundu ya kutu ambayo Fuso haikuhusika nayo. Mzee alinipigia simu kuniuliza kama ayazibe au ayaache. Hilo nimelipenda. Kuna gereji wangeyaziba wakaniletea bili, na kuna gereji wangeweka kapeti juu.

Jambo dogo lakini linaonyesha uko kwa nani: spana. Gari hili lote ni bolti za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, spana namba 13 inaingia, inacheza kidogo, ukivuta kwa nguvu inakula kona za nati. Nenda gereji yoyote mjini uone nati za Land Rover zilivyo mviringo. Mzee ana boksi la spana za inchi, amelifunga kufuli, na kijana akiazima anaandikwa kwenye daftari. Daftari la spana analo. Daftari la wateja sikuliona.

Nafika kwenye nyota niliyombania. Kwanza, muda. Aliniambia gari litatoka kabla ya Nane Nane. Nililichukua watu wameshapanda mahindi. Ni kweli mlango ulichelewa kutoka Chunya na umeme ulikuwa unakatika, lakini katikati pale kulikuwa na wiki nzima nzima ambazo nilipita nikakuta Land Rover yangu imefunikwa turubai na Mzee yuko chini ya Land Rover 110 ya mtu mwingine. Ukimuuliza anacheka anasema, "Ugonile, mwanangu, kunywa chai kwanza." Chai nimekunywa.

Pili, rangi. Rangi hapigi yeye, anampa jirani yake mwenye kompresa, na jirani akapiga praima ya kawaida juu ya alumini. Alumini inataka praima yake maalumu inayoshika, au rangi inakaa juu tu. Baada ya mvua za kwanza madgadi ya kushoto ikaanza kumenyuka mapande mapande. Niliirudisha nikiwa nimevimba. Mzee aliangalia, akachomoa kipande kwa kucha, akamwita jirani, na walichoongea kwa Kinyakyusa sikitafsiri hapa. Ilikwanguliwa ikapigwa upya bila mimi kutoa senti. Kijani ya sasa haijafanana kabisa na ya milango ya nyuma, juani inaonekana, jioni haionekani.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi kibiashara: risiti. Hana mashine ya EFD. Unapewa karatasi ya daftari yenye jumla na sahihi. Duka la spea na la rangi nilidai risiti halali nikapata, lakini ile 1,900,000 ya ufundi, ambayo ndiyo kazi yenyewe, ushahidi wake ni karatasi ya mistari. Mthamini alikunja uso. Kilichoniokoa ni picha. Nilipiga picha kila hatua: alama za chaki, sentabolti iliyokatika, madgadi yenye mistari ya sabuni, kile kipande kipya cha chesisi kabla hakijapakwa rangi. Mthamini alizitazama moja moja, akazibandika kwenye ripoti. Gari la mabaki likishapakwa rangi, mnunuzi na mthamini wote wanadhania mabaya zaidi kuliko yaliyotokea, na baada ya rangi huna cha kuwaonyesha. Piga picha.

Mwambieni pia vyuma vyenu vya zamani mnavitaka kwenye gunia. Usipodai, watu wa vyuma chakavu wanapita kila asubuhi, na kitasa halisi cha mwaka 1978 kinaondoka kwa kilo.

Kuhusu thamani yenyewe, hiyo 14,500,000, msiichukue kama bei ya kuuzia kesho asubuhi. Mthamini alitazama mambo ambayo dalali hayatazami. Injini ni ile ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, haijabadilishwa kuwekwa ya Toyota kama zilivyofanyiwa nyingi huku. Giaboksi ni yake. Dashibodi ni ya Series III, mita ziko mbele ya dereva, na grili ya plastiki ipo, haijavunjika. Aliniambia ningeweka injini ya Hilux gari lingekuwa na nguvu zaidi mlimani na thamani ndogo zaidi kwenye ripoti yake. Toleo hili lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, halitaongezeka. Na soko lake halisi liko mbali: Marekani gari la kigeni likifikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila kutimiza masharti yao ya usalama ya magari mapya, na Uingereza gari likivuka miaka 40 linasamehewa kodi ya barabara, na hata ukaguzi wa kila mwaka kama halijabadilishwa sana. Ndiyo sababu unasikia Land Rover mbovu ya kijijini imeulizwa na mtu usiyemtarajia. Ukiuza Mbeya unauza kwa anayebeba viazi.

Halafu nikaipeleka kwenye bima, hapo ndipo nilipocheka. Kampuni mbili zilikataa bima kubwa mara waliposikia mwaka. Ya tatu ilikubali, ikataka ripoti ya mthamini na ukaguzi wa polisi, ikaniandikia 14,500,000 na ada yake. Nikasoma mkataba. Siku ya ajali watalipa thamani iliyoandikwa au thamani ya soko siku hiyo, iliyo ndogo kati ya hizo. Yaani nilipe ada inayokatwa kwenye thamani ya milioni kumi na nne na nusu, halafu siku ikigongwa anakuja mtu kuniambia Land Rover ya 1978 sokoni ni milioni sita. Uingereza wenye magari ya zamani wanakatiwa bima ya thamani iliyokubaliwa: mnaafikiana mwanzoni, mnasaini, likiisha kabisa mnalipana hiyo hiyo. Wakala wangu anaendelea kuwaandikia barua. Kwa sasa nina bima ndogo, na naendesha kwa adabu.

Linavyokwenda? Mzee alinipeleka kulijaribu asubuhi mvua imetoka kunyesha, makusudi. Aliniambia nishuke nisimame barabarani, yeye aendeshe mbele yangu polepole, nitazame alama za matairi kwenye lami yenye maji. Gari ambalo ekseli yake imekaa upande linatembea kama kaa, alama za nyuma hazifuati za mbele. Za kwangu zilifuatana. Baadaye nimepanda nalo barabara ya Chunya, nimeshuka nalo Kiwira na tani ya parachichi kasoro kidogo. Halivuti kushoto wala kulia. Linakunywa mafuta, hilo Mzee hawezi kulitengeneza. Gia ya pili inalia kidogo ikiwa baridi, na Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua. Mlango wa Chunya unavuja maji kwenye kona ya juu. Nimeambiwa nilete raba, bado sijaipata ya saizi.

Nani aende: mwenye Land Rover Series, 109 au 88, na zile 110 za kwanza, lililogongwa lakini namba ya chesisi ipo na chesisi haijaoza. Magari yanayofunguka kwa bolti, ambayo unaweza kuvua ubavu ukauweka chini ukauponya. Nani asiende: mwenye gari lisilo na chesisi, bodi yote ni kitu kimoja. Nilikuwepo alipoletewa RAV4 ya mabaki iliyokatika nguzo ya mlango. Alizunguka mara moja akasema, "Hili nikilichomelea litapendeza, na likigongwa tena litawaua watoto wako. Uza spea." Yule bwana aliondoka amenuna. Nadhani alipata fundi mwingine. Mafundi wa kulipendezesha wapo wengi.

Na lililozama kwenye mafuriko usilipeleke kabisa, umeme hawautaki.

Kufika: ukipita Mafiati unaelekea Mbalizi, teremka Iyunga, ulizia gereji ya Land Rover upande wa reli, bodaboda wote wanaijua. Malipo ni nusu mwanzo na nusu mwisho, omba punguzo kwenye spea, kwenye ufundi hapunguzi. Nendeni asubuhi. Mchana anakuwa Mwanjelwa akitafuta spea, na vijana wake hawaruhusiwi kutaja bei.